Kidonge kimoja, majina mawili

Mwangaluka wote. Wasiojua, hiyo ndo salamu yetu ya asubuhi huku Unyamwezini, itikieni tu hata kama mnasoma usiku.

Jumanne alikuja mzee mmoja hapa steshenarini kwangu, katokea Sikonge na basi la asubuhi, anataka nimpigie lamineti kadi yake ya kliniki maana ilishaanza kuchanika kwenye mkunjo. Wakati mashine inapata moto akachomoa mfuko wa rambo kwenye koti, ndani yake vibahasha vya dawa kama vinne hivi, akanisogezea kimoja, "mwanangu wewe macho yako bado mazima, hapa wameniandikia nini?" Nikaangalia, kalamu ya bluu, 1x2, na jina la dawa kwa ule mwandiko mnaoujua wenyewe. Nikamuuliza kwani wewe mzee wangu unakunywaje, akasema moja mara mbili si mbili, basi mimi nameza viwili asubuhi nimemaliza kazi ya siku.

Hesabu yake mwalimu wa darasa la pili angempa vema. Ila 1x2 ya kwenye bahasha maana yake ni kidonge kimoja, mara mbili kwa siku, kimoja asubuhi kimoja jioni. Namba ya kwanza ni vidonge vingapi, ya pili ni mara ngapi. Hakuna mtu aliyemwambia, na yeye hakuuliza, na kwa mwandiko ule hata angeuliza mjukuu wake wa fomu two asingepata kitu.

Nilicheka afu nikanyamaza katikati, maana mimi huyu ninayecheka, ninayeshinda mbele ya kompyuta nasahihisha majina ya watu kwenye barua za maombi ya kazi, nusura nife kwa sababu ya kutosoma neno moja kwenye pakiti ya dawa. Neno moja tu, tena limeandikwa vizuri kwa mashine, sio kwa kalamu. Sijawahi kuiandika hii habari kwa sababu naona aibu kidogo, ila yule mzee kanikumbusha, basi leo naiandika yote.

Sukari yangu iligunduliwa 2019. Nilikuwa nakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani, usiku naamka mara tano kwenda chooni, mwili unapungua na mimi nafurahi nadhani ni kwa sababu nimeacha chapati. Aliyeshtuka ni mama watoto, yeye ndo aliona sisimizi wamejipanga pale chooni kwenye sakafu, akaniambia baba fulani nenda kapime, hao sisimizi hawajaja kwa bahati mbaya. Nikaenda nikitokea nyumbani sijala kitu, mashine ikasoma 17.8. Nikamuuliza nesi hiyo ni nyingi? Akaniambia asubuhi kabla hujala ikifika 7 tu tunaanza kuongea habari nyingine, wewe uko 17.

Nikapewa metfomini ya miligramu 500, ndo dawa karibu kila mgonjwa wa kisukari aina ya pili anaanza nayo, duniani kote sio Tabora tu. Na mimi siku ya kwanza nikaimeza saa kumi na mbili asubuhi na maji matupu, kama nilivyozoea kumeza panadol. Jamani. Tumbo lilinikata, nikaharisha, mdomo ukawa na ladha kama nimelamba msumari, na dukani kwangu choo hamna, choo ni cha jirani mwenye mgahawa, siku ya tatu akawa ananiangalia vibaya. Nikavumilia wiki, afu nikaacha. Sikumwambia mtu. Kila mwezi naenda kliniki nachukua dawa, nakuja nazipanga kabatini, nikiulizwa unakunywa nasema ndio.

Badala yake nikahamia kwenye asali. Na hapa watu wa Tabora wenzangu naomba mnisikilize maana najua nakanyaga pabaya. Sisi asali ndo sifa yetu, mgeni akija anaondoka na ndoo, na tumekua tunaambiwa asali ni dawa, hasa ile ya nyuki wadogo, inayouzwa kwenye vichupa vidogo bei juu. Kuna mtu sokoni aliniambia kwa uso mkavu kabisa kwamba sukari ya asali haipandishi sukari ya mwili. Nikanywa vijiko viwili asubuhi viwili jioni mwezi mzima na moyo umetulia. Nilivyorudi kupima ilikuwa 21 na pointi. Asali ni sukari, wapendwa. Ina mambo yake mengine mazuri sibishi, ya kifua na ya vidonda, ila kijiko kimoja kikubwa cha asali kina sukari karibu gramu 17, damu yako haiulizi kama imetoka kwa nyuki mdogo au kiwandani.

Nesi aliyenipokea siku hiyo hakunifokea, ndo maana namkumbuka. Aliniuliza swali moja tu, unaimezaje. Nikamwambia. Akasema sasa hapo ndo umekosea, metfomini inamezwa na chakula, tonge mbili tatu zimeshashuka ndo unatupia kidonge, afu unaendelea kula. Akaniambia daktari atanianzishia upya kidogokidogo, kimoja jioni wiki ya kwanza, afu ndo tunaongeza, na tumbo litazoea. Likazoea kweli, wiki mbili tu. Na akaniambia kama lisingezoea ipo metfomini nyingine inayoachia dawa polepole, tumbo la wengi linaipenda zaidi, ila hiyo haikatwi wala haitafunwi, inamezwa nzima. (Rafiki yangu mmoja wa Cheyo anatumia hiyo, siku moja akaona kitu kama kidonge kizima chooni akanipigia simu anapiga kelele dawa haifanyi kazi inatoka yenyewe. Kumbe ni ganda tu, dawa ilishatoka ndani. Alishaulizia mpaka kwa mganga.)

Basi miezi yote niliyoipoteza, na ningeweza kupoteza hata mwaka, ni kwa sababu nilificha. Ningesema tumbo linaniuma ningejibiwa siku hiyohiyo.

Mwaka uliofuata metfomini peke yake ikawa haitoshi, daktari akaongeza glibenklamaidi, kidonge kimoja cha miligramu 5 asubuhi na chai. Na alinieleza tofauti kwa mfano ambao mpaka leo naupenda. Akasema metfomini ni kama mtu anayelizuia ini lisimwage sukari hovyo na anausaidia mwili uisikie insulini yake, ile homoni ya kushusha sukari kwenye damu, yeye peke yake ni nadra sana akushushe mpaka chini. Lakini hii glibenklamaidi ni kama kondakta, kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini, toa toa toa, na hajali abiria wapo au hawapo. Umekula, sawa, hujala, insulini inatoka hivyohivyo. Kwahiyo ukiimeza, ule. Huli, usiimeze, tupigie simu au uje. Nikaitikia ndio daktari. Nikaondoka.

Niliitikia bila kusikia, si unajua.

Sasa 2022 nikaenda Kigoma kwenye msiba wa shangazi, Ujiji. Niliondoka kwa haraka, treni ya usiku, dawa nikazisahau juu ya friji. Siku ya pili kule nikaanza kusikia mkojo unachoma na homa kidogo, wakwe zangu wakanipeleka kwenye kituo kimoja sitakitaja jina. Nikasema nina sukari, dawa zimebaki Tabora, na mkojo unachoma. Wakapima wakasema UTI, nikapewa Septrin, na kwa ajili ya sukari nikapewa Daonil. Hawakuniuliza kule Tabora nilikuwa natumia nini hasa, na mimi kadi sikuwa nayo wala jina nilikuwa silijui, nilichojua ni kwamba nyumbani nina "kile kikubwa cheupe" na "kile kidogo". Hivyo ndo nilivyokuwa naziita miaka yote ile. Kikubwa na kidogo.

Nikaanza Daonil. Kesho yake mama watoto akawa keshanitumia dawa zangu na kijana mmoja anayekuja Kigoma, zikafika. Na mimi nikafikiri vizuri kabisa kwa akili yangu, kwamba hizi ni dawa zangu za siku zote, na hii Daonil ni mpya wameniongezea, labda ya Kigoma ni kali zaidi, basi ninywe zote. Asubuhi metfomini, kile kidogo, Daonil, na Septrin. Nikaona natibiwa haswa.

Daonil ni glibenklamaidi. Ndo hiyohiyo. Daonil ni jina ambalo kampuni imeipa, jina la biashara, glibenklamaidi ndo jina la dawa yenyewe, na kwenye pakiti jina la dawa lipo, chini ya lile jina kubwa, kwa herufi ndogo. Mimi ninayeona nukta iliyokosekana kwenye CV ya mtu sikushusha macho mstari mmoja. Nilikuwa nakunywa dawa ileile mara mbili. Na Septrin nayo, niliambiwa baadaye, ikikutana na glibenklamaidi inaifanya ikae mwilini na nguvu zaidi, inazidi kushusha sukari. Kwahiyo mimi nilikuwa na makondakta wawili na mtu wa kuwashangilia.

Siku mbili za kwanza msibani kuna ubwabwa, kuna ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, unakula kila saa, sikuona kitu zaidi ya jasho jasho na njaa. Shida ilikuja kwenye treni ya kurudi. Nimemeza dawa zangu zote kituoni Kigoma, najiambia nitakula ndani, kwenye behewa la chakula. Treni ikachelewa kuondoka, nikapitiwa na usingizi, nikaja kuamka tumeshapita Uvinza nadhani, shati limelowa kama nimetumbukia Tanganyika, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio. Nikataka kumwambia kijana aliyekaa mbele yangu anipitishie begi, maneno yakatoka mengine. Nilikuwa namwambia habari za karatasi, eti anipe karatasi za A4. Nilijisikia kabisa kwamba nasema ujinga na siwezi kujizuia.

Watu wakasema kalewa. Mmoja akasema malaria imempanda kichwani. Na kusema ukweli ningekuwa mimi ndo naangalia mtu mwingine ningesema hivyohivyo. Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyekuwa anakwenda Kaliua na wajukuu zake wawili, mume wake marehemu alikuwa na sukari, akasema huyu sio pombe, huyu sukari imeshuka, angalieni jasho hilo na baridi hii. Akauliza tu, baba una sukari? Nikatikisa kichwa ndio. Akachukua soda ya mjukuu wake, mtoto akalia kidogo, akaninywesha taratibu, nikiwa nimekaa, nimeshika chupa kwa mkono wangu na yeye kaushikilia. Robo saa hivi nikaanza kurudi. Nikawa naona watu. Akanipa na mhogo wa kuchemsha akaniambia kula, soda peke yake itaisha.

Nilimshukuru nikataka kulala, akakataa nisilale. Akamwambia yule kijana mwangalieni huyu mpaka Tabora. Nikaona mama anakuza mambo. Tulivyopita Nguruka ikanirudia tena, jasho, kutetemeka, safari hii ikabidi wanunue soda nyingine kwa wauzaji wa dirishani. Hapo ndo nilijua kwamba hii sio ile ya kunywa soda ukaenda zako. Glibenklamaidi inakaa mwilini muda mrefu, sukari ikishashuka kwa sababu yake inaweza kushuka tena na tena hata baada ya kuipandisha, ndo maana mtu wa namna hiyo anatakiwa afike hospitali hata kama anajiona mzima. Tabora stesheni mdogo wangu alikuwa ananisubiri na bajaji, tukaenda hospitali moja kwa moja, nikalazwa siku moja na nusu, dripu ya glukosi mkononi, wananipima kila baada ya saa kadhaa.

Daktari alimwaga mfuko wangu wa dawa juu ya meza, akachukua pakiti ya Daonil na kile kibahasha cha "kile kidogo", akaviweka sambamba, akaniambia soma. Nikasoma. Akasema soma na mstari wa chini. Nikasoma. Sikumwangalia usoni.

Kwahiyo sa hivi mimi nina ugonjwa wa pili, ugonjwa wa majina. Naulizia kila kidonge jina lake halisi, sio rangi sio ukubwa, maana kiwanda kikibadilika rangi inabadilika, mwezi huu metfomini yako imetoka kiwanda hiki ina umbo la duara mwezi ujao inakuja ndefu kama risasi, ukishaizoea kwa sura umeisha. Na Daonil sio peke yake yenye tabia hiyo, metfomini nayo ina majina ya biashara kibao, Glucophage ni metfomini, na zipo zinazokuja dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, hizo ndo hatari kabisa kwa mtu wa "kikubwa na kidogo" kama mimi. Nikiwa famasi nasema kabla hujanipa, hii ndani yake kuna nini, na mimi tayari natumia hizi. Simu yangu ina picha za pakiti zote pande zote mbili, na mama watoto anazo kwenye simu yake, na mdogo wangu. Nikizimia popote mtu akifungua simu yangu atazikuta, namba ya siri mama watoto anaijua, ndo gharama ya ndoa.

Nyumbani dawa ziko kwenye kopo la biskuti, lile la bati la bluu ambalo kila mtu alidhani lina biskuti likawa na sindano na uzi. Nimelibandika lebo nimeprinti mwenyewe, jina, miligramu, asubuhi na chai, jioni na chakula. Kopo liko chumbani sio jikoni, kwa sababu jiko la mkaa na mvuke wa masufuria haviziachi dawa salama, na wala si juu ya kabati chini ya bati, Oktoba hapa Tabora mnajua wenyewe joto linavyokuwa. Kuna jirani yetu anachoma insulini, hana friji, yeye chupa yake anaiweka kwenye kimfuko kisichoingiza maji, afu ndani ya mtungi mdogo wa udongo uliowekwa ndani ya mwingine wenye mchanga mbichi, ubaridi wa mtungi unatosha kuilinda, na ameandika tarehe aliyoifungua maana chupa nyingi za insulini zikishafunguliwa ni wiki nne tu. Wenye friji nao wasijione, ukiisukuma ikagandana na barafu imekwisha, hata ikiyeyuka itupe.

Ukisahau dozi. Hili naulizwa sana tangu watu wajue nina sukari. Mimi nilivyoambiwa ni kwamba ukikumbuka bado ni muda wa chakula kilekile, kunywa, ikishakaribia dozi inayofuata iache iende, kunywa ya saa hiyo tu, usibebe mbili kufidia. Dawa sio deni la mangi.

Na usikate dozi kimyakimya kwa sababu ya hela. Nayajua haya, kuna miezi biashara ya kopi inalala, shule zimefungwa, mtu anaona vidonge vya mwezi avivute viende miezi miwili, kimoja leo, kesho kutwa kimoja. Sukari haina habari na likizo. Mwambie daktari huna, metfomini na glibenklamaidi ni kati ya dawa za bei ya chini kabisa za sukari, mara nyingi kuna namna, lakini akikuona sukari iko juu na wewe umesema unakunywa vizuri atakuongezea dozi, siku ukipata hela ukanywa zote kama alivyoandika ndo unaanguka.

Mitishamba naigusa kidogo maana najua nikiacha mtauliza. Sizichukii, mimi ni mtoto wa Mnyamwezi, bibi yangu alikuwa anajua majani. Hata hiyo metfomini ukoo wake unaanzia kwenye mmea mmoja wa Ulaya, na Mfaransa Jean Sterne ndo aliandika 1957 habari za kuwapa wagonjwa wa sukari. Tofauti ni kwamba kwenye kidonge najua kuna miligramu 500, kwenye chupa ya maji ya magome sijui kuna nini, na kama kweli yanashusha sukari basi yanashusha juu ya dawa niliyoimeza asubuhi, tumerudi kulekule kwenye makondakta wawili. Anayekuambia acha za hospitali unywe hii siku 40 umepona, muulize atakaa na wewe kwenye treni usiku?

Na sio mitishamba tu. Antibayotiki kadhaa zinagombana na hizi dawa, Septrin nimeshaisema, sipro nayo. Kwinini inashusha sukari yenyewe. Upande mwingine ziko za kupandisha, prednisoloni na deksa, ile deksa watu wanayonunua kimyakimya ili wanenepe au maumivu ya mgongo yaishe, ukiwa na sukari inakurusha juu vibaya. Kwahiyo hata dukani unanunua dawa ya kikohozi tu, sema nina sukari natumia hiki na hiki. Sekunde tano.

Mwezi wa Ramadhani mimi naenda kliniki kabla ya mwezi kuandama, sio siku ya kwanza nimeshafunga. Mwaka wa kwanza baada ya ile treni daktari alinikataza kufunga kabisa, ikaniuma, nikalisha masikini kama shehe alivyonielekeza. Baadaye akanibadilishia ile glibenklamaidi akaniweka kwenye gliklazidi, ambayo kwa wengi haishushi kwa ukali ule, akanipangia upya, dozi kubwa ikahamia futari, ya daku ikapungua. Na akanipa masharti, nipime mchana, kujipima hakufunguzi, ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 nafungua hapohapo hata kama imebaki nusu saa kuadhini. Hiyo nusu saa ndo inayoua watu, maana unaona aibu.

Kutapika na kuharisha sana pia, usikae ndani unaendelea kumeza metfomini huku mwili umekauka, nenda hospitali siku hiyo, waamue wao usimamishe au la, figo zinaumia. Figo zenyewe mimi napimwa kila mwaka, maana metfomini inategemea figo kutoka, zikishachoka dozi inapunguzwa na zikichoka kabisa inaachwa. Pombe kwa wanaotumia, mkizidisha na metfomini ni hatari na mkinywa bila kula na hizi nyingine sukari inashuka, na harufu ya pombe ndo itawafanya watu wawaache mlale. Mwaka jana nilianza ganzi miguuni nikajua basi ni sukari imefika huko, kumbe daktari akataka kwanza kuangalia vitamini B12, metfomini ikitumika miaka mingi inaweza kuipunguza. Yangu ilikuwa chini kweli, nikachomwa sindano, ganzi imepungua ila haijaisha yote, kwahiyo labda ni vyote viwili.

Kwenye koti langu sasa kuna pipi na pakiti ndogo ya glukosi, wakati wote, hata harusini. Nikisikia jasho la ajabu napima, ikiwa chini ya 4 nakunywa maji yenye sukari vijiko vya chai vitatu vinne au nusu chupa ya soda ya kawaida sio ile isiyo na sukari, nasubiri robo saa napima tena, bado iko chini narudia, ikipanda nakula chakula. Mashine haipo karibu? Nakunywa kwanza, maswali baadaye. Na nimewaambia wote nyumbani, ukinikuta siwezi kumeza au sijitambui usinimiminie kitu mdomoni, nilaze ubavu, tafuta gari.

Yule mama wa Kaliua sikuchukua namba yake. Kila nikisikia honi ya treni usiku huwa namkumbuka, na yule mtoto ambaye soda yake niliinywa.

Tumrudie mzee wa Sikonge. Nilimkatalia kuondoka. Nikamwambia tuwapigie kwanza hao waliokuandikia, namba ilikuwepo kwenye kadi, tukampata nesi, nikamsomea herufi moja moja, akathibitisha ni metfomini, kimoja asubuhi kimoja jioni, na chakula. Nikachukua karatasi nikachapa herufi kubwa kabisa saizi ya tangazo la msiba, METFOMINI 500, ASUBUHI KIMOJA NA UJI, JIONI KIMOJA NA UGALI, na dawa zake nyingine za presha hivyohivyo kama nesi alivyosema, nikampigia lamineti bure, nikatoboa na tundu aning'inize ukutani. Akaisoma mwenyewe bila miwani. Akafurahi mpaka akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

Afu akainama kwenye mfuko wake akanitolea zawadi, chupa ya asali. Ya nyuki wadogo. "Hii mwanangu hata mwenye sukari anakunywa, haina neno."

Nimeichukua, zawadi ya mzee hairudishwi. Nilimwambia tu taratibu asubuhi unywe uji usiotiwa hiyo, akacheka hakunijibu. Nyumbani mama watoto kaifungia kabatini na ufunguo kauvaa shingoni.